Taa za Kusomea Kutoka Kompyuta Mbovu: Faida Zake na Tahadhari Zake

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya sayansi na maendeleo. Niliomba ruhusa, nikapewa, ya kuipunguza mada hiyo mpaka itoshe juu ya meza moja. Mezani hapa mnaona sanduku la bati, lenye feni upande mmoja na mkia wa nyaya za rangi nyingi upande wa pili. Hii ni pawasaplai, yaani kile chombo kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani ambacho hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe umeme mdogo unaofaa kwa kompyuta. Kompyuta yake imekwisha kufa. Yenyewe bado nzima.

Chama cha sayansi cha shule kinayo masanduku sita ya namna hii, na vijana wanaomba kibali cha kuyatumia kuwasha taa za LED mezani, katika maabara na maktaba, wakati wa prepo. Ombi hilo limezua mabishano miongoni mwetu. Wako wanaosema: umeme si mchezo, wakatazwe. Wako wanaosema: volti 12 haziui mtu, waachwe wafanye wapendavyo. Mimi nasema kila upande umeshika nusu ya ukweli, na katika mambo ya umeme nusu ya ukweli yaweza kuwa mbaya kuliko ujinga mzima. Kazi yangu leo ni kuziunganisha nusu hizo mbili.

Msidhani kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mwaka 1994, wengine wetu tukiwa bado na sare za shule, moto uliteketeza bweni la wasichana wa Shule ya Sekondari Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, na zaidi ya wanafunzi 40 wakapoteza maisha. Mwaka 2009 moto uliwaua wasichana 12 wa Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Mwanafunzi anayetaka kusoma atasoma. Akikosa taa ya halali atatafuta mshumaa au koroboi, ataificha chini ya kitanda, na karibu yake patakuwa na godoro na chandarua. Kwa hiyo anayesema "wakatazwe" anapaswa pia kutuambia watasoma kwa nini. Na anayesema "waachwe" anapaswa kujua kwamba taa iliyofungwa vibaya nayo huweza kuwasha moto kama mshumaa.

Ndani ya sanduku

Nianze na upande wa woga, maana una haki yake. Umeme wa ukutani kwetu ni volti 230, wa mkondo unaogeukageuka. Ukiingia sandukuni hunyoshwa uwe mkondo wa upande mmoja, na hapo kilele chake hufika kiasi cha volti 325. Katika aina nyingine za sanduku hukaribia 400. Umeme huo huwekwa akiba katika kapasita kubwa, ambazo ni kama mitungi ya kuhifadhia umeme. Jambo la kutia maanani ni kwamba ukichomoa plagi, mtungi haumwagiki papo hapo.

Nilipata kumwona fundi mmoja, mtu hodari katika kazi yake, akichomoa plagi na kuifungua pawasaplai dakika ile ile. Alipogusa ubao wa chini alirushwa nyuma, na mkono wake ulikufa ganzi mpaka jioni. Plagi ilikuwa imelala sakafuni mbele ya macho yetu sote. Kwa bahati aliondoka na funzo tu. Basi sheria ya kwanza, ambayo haina mjadala, ni hii: sanduku halifunguliwi. Si kwa kupiga vumbi, si kwa kubadili feni, si kwa kutazama tu. Sanduku likiharibika, litupwe kwa utaratibu, litafutwe jingine.

Yako mambo mengine mawili ya upande huu. Masanduku ya zamani yana swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye alama ya 115 na 230. Hapa kwetu lazima isomeke 230. Ikiachwa kwenye 115, kapasita zitapasuka kwa kishindo mara utakapowasha. La pili ni plagi ya miguu mitatu. Mguu ule mrefu ni wa ardhi, nao umeunganishwa na bati la sanduku, ili kosa likitokea ndani umeme uteremke ardhini badala ya kumpitia mtu. Anayeukata mguu huo, au anayechomeka nyaya tupu kwa njiti za kiberiti, ameondoa mlinzi langoni usiku.

Nje ya sanduku

Sasa tuje upande wa matumaini. Nyaya hizi za rangi zimefuata mtindo uitwao ATX, ulioanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Nyeusi zote ni za kurudishia umeme. Njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, na ya chungwa ni volti 3.3. Zambarau nayo ni volti 5, lakini iko hai wakati wote plagi ikiwa ukutani, hata feni ikiwa imesimama. Buluu ni volti 12 za upande wa hasi. Tusiiguse kabisa, kwa sababu kati yake na njano kuna volti 24, nazo zitaunguza taa zetu. Mwisho kuna waya mmoja wa kijani. Huo ndio ufunguo: ukiunganishwa na mweusi, sanduku huamka, ukiachanishwa, hulala. Vijana wetu wameweka swichi hapo badala ya kipande cha waya kilichopindwa, nami nawasifu.

Hata hivyo, wako watengenezaji waliofuata njia yao wenyewe, na siku hizi yapo masanduku ambayo nyaya zake zote ni nyeusi. Kwa hiyo mita ya kupimia umeme itangulie, rangi ifuate. Hali kadhalika, baadhi ya masanduku ya zamani huyumba volti zake yasipopewa kazi kwenye nyekundu. Dawa yake ni rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10, ifungwe kati ya nyekundu na nyeusi. Itatumia nusu ampea, yaani wati 2.5 tu, lakini hupata joto. Ifungwe juu ya kipande cha bati, mbali na nyaya.

Tabia ya LED

Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tuliijua LED kama kidoti chekundu kwenye redio. Nyekundu ilikuwapo tangu mwaka 1962, ilipotengenezwa na Mmarekani Nick Holonyak. Buluu yenye mwanga mkali ilingoja mpaka miaka ya 1990, na wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, yaani Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila buluu tusingekuwa na nyeupe, maana taa nyeupe tunazonunua leo kwa kawaida ni buluu iliyopakwa unga wa njano.

Sasa tabia yake. Balbu ya zamani yenye uzi ndani hujizuia yenyewe: ikipata moto, ukinzani wake huongezeka. LED hufanya kinyume. Nyeupe ya kawaida hukaa gizani mpaka ipate karibu volti 3, kisha hufungua mlango ghafula, na volti kidogo tu za ziada huleta mkondo mwingi mno. Ikipata moto huzidi kuupokea mkondo. Ni kama mlevi: kila anywapo, kiu humzidi. Ukiifunga moja kwa moja kwenye volti 12, itameta mara moja na kufa. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa kushika chupa, naye ni rezista.

Hesabu yake ni ile ile Sheria ya Ohm tuliyoimbishwa katika chumba hiki. Chukua LED nyeupe tatu ndogo na uzifunge kwa mfululizo. Kila moja hutumia volti 3.2, jumla volti 9.6. Toa katika 12, zinabaki 2.4. Mkondo tunaoutaka ni miliampea 20, yaani ampea 0.02. Gawa 2.4 kwa 0.02, unapata omu 120. Rezista hiyo itapokea wati 0.048, kwa hiyo ile ndogo ya robo wati inatosha. Ukitaka moja tu kwenye volti 5: toa 3.2, inabaki 1.8, gawa kwa 0.02, unapata omu 90. Chukua 100, iuzwayo kila duka la vipuri.

Mtu atauliza, kwa nini tusifunge nne? Kwa sababu nne zinataka volti 12.8, nasi tunazo 12. Mwingine atauliza, kwa nini safu zote zisitumie rezista moja? Kwa sababu hakuna LED mbili zilizozaliwa pacha kamili. Moja itakunywa zaidi, itafa, kisha mgao wake utawaangukia waliobaki. Kila safu na rezista yake.

Wako pia wanaoogopa wakisoma kwenye kibandiko cha sanduku kwamba volti 12 zina ampea 15. Wanadhani ampea zote hizo zitasukumwa ndani ya kitaa kimoja. Sivyo. Hiyo ni akiba iliyomo ghalani, na kila taa huchota kwa kadiri rezista yake inavyoruhusu. Lakini akiba hiyo hiyo ndiyo inayonileta kwenye hatari ya kweli.

Waya na fyuzi

Ndugu Mwenyekiti, hapa naomba masikio yote.

Ni kweli volti 12 hazimrushi mtu mwenye mkono mkavu. Nusu hiyo ya ukweli naikubali. Lakini moto wa nyumba hautegemei ngozi ya mtu. Tuseme kijana amevuta waya mwembamba, wenye shaba ya milimita mraba 0.2, mpaka meza iliyo umbali wa mita 6. Kwenda na kurudi ni mita 12, na ukinzani wake wote ni karibu omu 1. Siku moja kiti kinaukandamiza waya ule mwishoni, njano inagusana na nyeusi. Gawa 12 kwa 1: zinapita ampea 12. Sanduku lina kinga yake, lakini kinga hiyo inalinda sanduku, hailindi waya wako. Kwake yeye ampea 12 ni kazi ya kawaida, maana kibandiko kinasema 15. Basi ataendelea kusukuma kwa moyo mkunjufu, na wati 144 zitageuka joto ndani ya waya uliopita nyuma ya rafu ya vitabu. Plastiki italainika, kisha itatoa moshi. Hakuna aliyepigwa na umeme, na maktaba inaungua.

Dawa yake ni fyuzi. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyopo mezani hapa, na ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Kila meza iwe na fyuzi yake, nayo ikae mwanzoni mwa waya, karibu na sanduku. Ikikaa kwenye taa haina maana, kwa sababu waya wote ulio kabla yake haujalindwa. Tuchukue ule utepe wa LED wa volti 12, wa aina inayotumia wati 14.4 kwa mita. Nusu mita kwa kila meza ni wati 7.2, yaani ampea 0.6. Hapo fyuzi ya ampea 1 inafaa. Meza kumi zitatumia ampea 6, wati 72, nalo sanduku la ampea 15 litakuwa halijafika nusu ya uwezo wake. Waya uwe wa shaba ya milimita mraba 0.75, ambao kwa umbali ule ule utapoteza chini ya robo volti. Utepe wenyewe una rezista zake tayari, ila ukatwe penye alama tu, kila baada ya LED tatu.

Masharti

Kwa hiyo naunga mkono ombi la vijana, kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, sanduku lisifunguliwe, na bisibisi ya chama isiguse skrubu zake nne.

Pili, plagi iwe ya miguu mitatu, katika soketi yenye ardhi iliyopimwa na fundi umeme mwenye leseni, na fyuzi ya ndani ya plagi iwe ya ampea 5 badala ya 13.

Tatu, kila meza na fyuzi yake mwanzoni mwa waya. Fyuzi ikikatika, atafutwe mkosaji kwanza. Atakayefunga karatasi ya sigara au kipande cha waya badala ya fyuzi afukuzwe chamani, hata akiwa mwanafunzi bora wa fizikia.

Nne, viungo vilehemiwe na kufunikwa. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe peke yake hakutoshi, maana kiungo kilicholegea hupata moto hata fyuzi ikiwa nzima.

Tano, sanduku likae mahali wazi, juu ya sakafu ya saruji au rafu ya bati, feni yake isizibwe kwa daftari wala koti.

Sita, wakati wa kufunga nyaya pete na saa zivuliwe. Pete ya chuma ikiunganisha njano na nyeusi huwa jiko la mkaa kidoleni.

Saba, mwalimu wa zamu azime soketi ukutani prepo inapokwisha, na atie sahihi katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na usalama vivyo hivyo.

Mtakumbuka sikutaja mabweni. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Bwenini pana magodoro, vyandarua na watu waliolala. Huko ziwekwe taa za kudumu, juu darini, na fundi mwenye leseni, na gharama yake tuibebe sisi wenye mishahara. Kazi ya vijana ibaki katika vyumba ambamo watu wako macho.

Mwenzetu mmoja aliniuliza asubuhi: kwa nini tusinunue balbu za LED za kawaida, tukaachana na haya yote? Namjibu kwamba juu darini anasema kweli kabisa, na tufanye hivyo. Lakini meza hizi zina faida mbili ambazo balbu haina. Kijana anaweza kuijenga taa yake kwa mkono, akajifunza Sheria ya Ohm kwa macho, tena kwa umeme usiomdhuru. Halafu umeme ukikatika, sanduku hili linazimika pamoja na kila kitu, lakini mfumo ule ule wa meza unaweza kuhamishiwa kwenye betri ya volti 12. Hapo waangalie sana: betri inayochajiwa hufika volti 14.4, kwa hiyo safu ya LED tatu inataka rezista ya omu 240 au 270, si 120 tena. Na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, maana betri haina kinga yoyote ndani yake, nayo yaweza kutoa mamia ya ampea.

Kuhusu kupata masanduku zaidi, nasema kama mtumishi wa serikali. Kompyuta nyingi hufutwa katika maofisi ya umma kila mara, lakini hazitoki ila kwa barua, kwa kibali na kwa utaratibu wa mali za serikali. Shule iandike barua. Tafadhali msinifuate mlangoni mwa nyuma kwa sababu tulilala bweni moja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. La kwanza, chama cha sayansi kiruhusiwe kufunga taa za volti 12 katika maabara na maktaba kwa masharti saba niliyoyasoma, baada ya fundi mwenye leseni kukagua. La pili, mfuko wetu wa mwaka huu uanze na fyuzi, vishikio vyake, waya wa milimita mraba 0.75 na mita moja nzuri ya kupimia, kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kupendeza macho. Tahadhari kabla ya hatari.

Naomba kutoa hoja.